Redio-Kaseti Iliyokula Maneno Yako, Tata

Kolwezi, Jumapili, tarehe 15 Agosti 1976. Mwaka mmoja na wiki tano zimepita tangu nilipokuacha mlangoni pako nikashika njia ya stesheni ya Kabalo.

Mpendwa tata, baba yangu,

Najua barua hii haina pa kukufikia. Hata ulipokuwa hai, barua zangu zilikufikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na mara nyingi mdomo huo ulikuwa wa mdogo wako Kasongo, kwa kuwa yeye ndiye karani wa kolektivite, ile ofisi ya chifu, na ndani ya jamaa yeye ndiye anayejua kusoma. Ulizoea kusema kwamba barua yangu ikipita kwake inakufikia imekonda. Hii haitapita kwake. Naiandika kwa sababu nina hasira, na mtu akikaa na hasira ndani ya kambi hii ya wafanyakazi, mwisho wake ni kunywa lutuku au kumpiga mke. Mimi sitaki hayo mawili. Nimeazima kalamu ya mwanangu Ilunga.

Nikuambie jambo lenyewe mara moja, nisikuzungushe. Mwezi ujao jamaa wanaketi kumaliza matanga yako na kuamua juu ya nyumba ya mama. Maneno uliyoniachia ndani ya kaseti, yale ya kumlinda mama asitolewe nyumbani mwake, yamefutika. Hakuna aliyeyaiba. Yamefutwa na ile mashine niliyoinunua mimi mwenyewe, mpya, ya bei kali, yenye muhuri wa watu walioikagua.

Unakumbuka siku nilipofika nayo? Ulikuwa umeketi nje unasuka kikapu, na uliponiona na sanduku kichwani ulidhani nimekuletea sabuni. Nilikuwa nimelipakata sanduku lile tangu Kolwezi mpaka Tenke, tangu Tenke mpaka Kamina, tangu Kamina mpaka Kabalo. Nililala nimeketi. Watu ndani ya behewa walinisihi nilifungue wasikie muziki, nikakataa. Mama mmoja mwenye kuku alinicheka, akasema huyu kijana anasafirisha maiti ya mtoto, ndiyo maana haweki chini. Nilijinyima nyama na viatu miaka miwili kwa ajili ya sanduku lile, tata. Nisingeliweka chini penye mavi ya kuku wake.

Kule dukani, Kolwezi, mwenye duka alitaka kuifungua mbele yangu. Alisema, kwa lile neno la serikali la kuitana raia, “Sitwayen, tuifungule, tuijaribie?” Nikamwambia hapana, kitu hiki ni cha muzee, yeye ndiye atakifungua. Akapandisha mabega. Alidhani ni ujinga wa watu wa kaskazini. Lakini wewe ulinilea hivyo: kitu kipya kikubwa hakitumiki kabla mkubwa wa nyumba hajaweka mkono wake. Baiskeli yangu ya kwanza hukunipa ruhusa ya kuipanda mpaka ulipoipaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye usukani. Jembe la mama, vivyo hivyo. Basi nilitoka dukani na mashine ambayo sikuisikia hata ikikohoa. Mtu wa Kolwezi hafanyi vile. Yeye anaomba iwashwe, anazungusha kila kifundo, anatega sikio upande huu na upande ule, anakataa, anataka nyingine. Mimi nilikuletea wewe heshima yako ikiwa imefungwa na kamba.

Ulilipaka pemba. Ulinyunyiza maji kwa mdomo, ukataja jina la baba yako, ukaniambia nikate kamba. Juu ya mashine palikuwa na karatasi ndogo ngumu yenye muhuri mwekundu. Uliniuliza inasemaje. Nikakusomea: imekaguliwa. Chini yake namba, na sahihi iliyopinda kama njia ya mchwa. Nikakueleza kwamba huko ng'ambo kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama kila mashine kabla haijatoka, na akiridhika anatia mkono wake. Ukanitazama, ukasema, “Kumbe iko na kazi sawa na yako.”

Nilifurahi sana kwa neno lile. Miaka kumi na moja nimefanya kazi mbali, na sikuwahi kujua kama ulielewa nafanya nini. Ulielewa. Ndiyo, tata, hiyo ndiyo kazi yangu. Mabamba ya shaba yakitoka ndani ya tindikali yakaoshwa, yanapita mbele yangu moja moja. Naangalia kama yana vinundu, kama yana kutu ya kijani, kama ukingo umechanika. Zuri nalitia alama ya chaki. Baya nalitenga. Nikipitisha baya, chef d'équipe, msimamizi wetu, analirudisha kutoka kwenye behewa, ananiita mbele ya wenzangu wote, na mshahara wa siku yangu umekatwa. Mikono yangu imeungua kwa maji yale, na macho yanatoa machozi hata siku za raha. Lakini bamba baya ninalijua kwa kuligonga tu.

Kesho yake, baada ya kula, ulimtuma mama shambani ukafunga mlango. Nilikuuliza kwa nini usiwaite wazee wawili waketi wasikie, kama desturi ilivyo. Ukasema mzee mmoja ana deni la shukrani kwa Kasongo, wa pili ameoa binti yake. Nikasema basi tuandike. Ukacheka. Karatasi zote za kolektivite zinalala ndani ya kabati la Kasongo, na funguo ziko kiunoni mwake. Kisha ukaweka kiganja juu ya mashine, ukasema maneno ambayo siku hiyo niliyaona ya akili kuliko yote:

“Mutu iko na jamaa yake. Karatasi iko na Kasongo. Hii chuma, jamaa yake iko wapi?”

Nami nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Uliisalimu kwanza, kama mgeni. Uliniuliza utazame wapi wakati wa kusema. Upande wa kwanza uliwasalimu wajukuu ambao hujawahi kuwaona, ukawasimulia jinsi ulivyotembea kwa miguu kwenda kutafuta kazi ya reli, ukaimba ule wimbo wako wa kusuka vikapu, na katikati ya wimbo mbuzi wa jirani akalia na wewe ukamtukana. Tuligeuza kaseti. Upande wa pili hukucheka. Ulisema:

“Mi, mbele sijaenda, nasema hivi. Huyu mwanamuke, hakuna mutu atamurithi. Nyumba ni yake. Shamba ya mihogo ni yake, na michikichi ya ku mutoni, mpaka siku yake ya kufa. Mwenye atamutosha mule, ananitosha mimi mu kaburi.”

Anayemtoa mama nyumbani anakufukua wewe; hayo uliyasema kabla hujaenda, ukaeleza na sababu. Ulisema Kasongo alikuwa ameanza kuingia na kupima kuta kwa macho ungali unapumua. Ukaniamuru upande ule usisikilizwe na mtu mpaka siku jamaa watakapoketi. Nikaupiga mara moja ili ujisikie. Sauti ilikuwa nene, safi, ilijaa nyumba. Uliinamisha kichwa ukasikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, “Ule muzee anasema mubaya. Meno yake ilienda wapi?” Tulicheka wote wawili. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuona ukicheka, na ile takataka ya mashine ilikuwa imeshaanza kukufuta tukiwa tunacheka.

Ulikufa mvua zilipoanza. Telegramu ilinifikia umeshazikwa. Watu wa kwetu walio hapa Kolwezi walikuja kambini kulia nami, na mimi, mjinga, nikawaambia kwamba sauti yako ninayo. Niliwapigia upande wa kwanza. Walipofika kwenye mbuzi wakacheka na kulia pamoja, wakaomba turudie. Tukarudia. Kila aliyeingia na kuni zake au unga wake alitaka kukusikia, na siku tatu zile ulizungumza kutoka asubuhi hadi jua kuzama. Siku ya tatu mke wangu, mama Ilunga, aliniambia sauti ya muzee inakwenda mbali. Nikasema ni mawe ya tochi, betri zimechoka. Nikanunua mawe mapya. Ikabaki mbali. Watu wakasema ndivyo inavyokuwa, mwenye sauti anaondoka na yenyewe inamfuata. Wakatikisa vichwa, na mimi nikatikisa changu.

Hapo nikaogopa kwa ajili ya upande wa pili. Na sasa sikia nilichokifanya, kwa maana hakuna mwingine ninayeweza kumwambia hili akalielewa kama wewe. Nikaanza kuukagua. Jumapili baada ya misa nilimtoa kila mtu isipokuwa mama Ilunga, nikaupiga upande wako wa pili tangu mwanzo mpaka mwisho, kuhakikisha maneno yapo. Yalikuwepo. Jumapili iliyofuata nikakagua tena. Yalikuwepo, yamepungua kidogo. Nikakagua katikati ya wiki. Mimi ni mkaguzi, tata, mkono wangu hautulii juu ya kitu nisichokitazama. Kabla ya Pasaka ulikuwa mtu anayesema nyuma ya ukuta. Baada ya Pasaka ulikuwa mnong'ono, na mvumo juu yake kama mvua juu ya bati.

Nikaipeleka mashine mtaa wa Manika kwa Kabeya, fundi wa redio, mtu wa Kasai ambaye baba yake aliletwa hapa kuchimba. Anatutania sana sisi watu wa Kabalo kwamba tunaogopa umeme. Siku hiyo alianza utani wake, kisha akafungua mgongo wa mashine na utani ukaisha. Akaniuliza nani aliifungua kabla yake. Nikasema hakuna. Akanionyesha rangi nyekundu juu ya skrubu, haijakwaruzwa, rangi ya kiwandani. Kisha akanionyesha kipande kidogo cha sumaku juu ya mkono mwembamba wa chuma. Sumaku ile ndiyo inayofuta kaseti unapotaka kurekodi upya. Ukibonyeza chekundu inasogea na kugusa mkanda. Ukiacha, springi ndogo inairudisha nyuma. Akaweka ncha ya kisu chake penye tundu mbili za kushikia springi.

“Inakosa,” akasema. “Haikuanguka, haikukatika. Hawakuitia hata siku moja.”

Springi nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Bila hiyo, ule mkono unarudi nusu njia tu, na sumaku inabaki imelegea pale, inapapasa mkanda kila unapopita. Nikamuuliza maana yake nini kwa mtu aliyerekodiwa. Kabeya hakutaka kunitazama. Akasema, “Kila mara unamusikiliza, unamupanguza kidogo.”

Niliketi kwenye benchi lake. Akaniletea maji. Alisema mashine yangu si ya kwanza. Kutoka duka lile lile, za sanduku la namna ile ile, ameona moja inayosema upande mmoja tu, upande wa pili waya haukuunganishwa. Ameona nyingine inayokimbia mpaka padri anaimba misa kama msichana. Zote zina karatasi yenye muhuri mwekundu. Aliniambia ameanza kuzikusanya karatasi zile, anawashia mkaa.

Nilirudi dukani. Yule aliyeniuzia alikuwa amekwisha kurudi kwao, duka lina mwenyewe mpya, amevaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, sikupandisha sauti. Akavuta mashine, akawasha redio. Nyimbo za chama zikajaa duka. “Si inaimba?” akasema. Nikasema inaimba, lakini inakula kaseti. Akasema yeye alizikuta ndani ya duka, hakuziagiza, na sahihi iliyo kwenye karatasi ya dhamana niliyopewa siku ya kununua ni ya yule aliyeondoka. “Umufwate kwao, sitwayen,” akasema, na watu waliokuwa wananunua sukari wakacheka. Nilipiga meza yake kwa ngumi. Vijana wake wawili wakanitoa nje kwa mikono. Nimefukuzwa dukani kama mwizi, tata, na kitu kilichoibiwa kilikuwa changu.

Mwalimu wa kambi akaniandikia Kifaransa kwa kiwanda huko ng'ambo. Nilimwambia aseme yote, na habari ya mama pia. Nilitaka yule mwenye sahihi ajue jina la mama. Majibu yalichukua miezi mitatu. Karatasi nene, nzuri, na maneno machache. Wanashukuru kwa kuwaamini. Nikiwapelekea mashine kwa gharama yangu wataitazama. Mwalimu akaanza kukunja karatasi. Nikamwambia asome mpaka chini. Akasoma: kwa yaliyomo ndani ya mkanda, kiwanda hakihusiki.

Hakihusiki. Neno hili limenikaa kooni tangu siku ile. Sisi ndio tunaohusika na kila kitu. Shaba yetu inapimwa kwenye tindikali, inapimwa mbele yangu, inapimwa tena kwenye behewa, na kipande chake kinakatwa kupelekwa kwa wenye miwani ndani ya nyumba nyeupe wakaitazame kwa dawa. Ikikutwa na doa, mtu ana jina, mtu anaitwa. Kisha inakwenda kwao, wanaivuta iwe waya, wanaitia ndani ya sanduku zuri, wanaturudishia sisi tuliojiunguza mikono, na hapo ndipo wanachoka kutazama. Kabeya alinionyesha nyuzi za shaba ndani ya mashine, nyekundu, zinang'aa. Labda ni bamba lililopita mbele yangu. Nilikuwa nimeliangalia vizuri.

Nikuambie na baya langu. Wiki ile barua ilipofika, mabamba manne yalipita na vinundu vikubwa kama maharage. Niliyaona. Nikayatia chaki. Nikasema moyoni, nao wale hasara kama mimi. Behewa likafungwa likaondoka, chef hakugundua, na mimi nikarudi kambini natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Kabla sijafika kwenye bomba la maji ushindi ulikuwa umeisha. Niliwaza labda hata yule wa sahihi siku ile alikuwa na lake. Labda alifiwa. Labda alichoka tu, zamu inakaribia kuisha, mikono inatia muhuri yenyewe. Simsamehe. Nakuambia tu kwamba nilimwona sura, na alikuwa na mikono yangu. Sijayarudia tena, lakini yale manne yamekwenda, na sijui yatamuumiza nani.

Mwezi wa sita Kasongo akaandika. Mwandiko wake mzuri, unaujua. Anasema jamaa wataketi Jumamosi tarehe 11 mwezi wa tisa. Anasema mama achague, akubali kurithiwa naye au arudi kwa kaka zake Kongolo, na nyumba ataishika yeye kwa ajili ya ukoo. Kisha anasema: tumesikia unasema una sauti ya marehemu, basi ilete, sote tutaisikiliza. Nilikuwa nimejisifu kwenye barua ya rambirambi, tata. Kijiji kizima kinajua. Mama naye alimpa katekista maneno machache aniandikie, na katekista kayaandika kama alivyosema: “Mwanangu, kuja na sauti ya baba yako. Mi siko na kingine.”

Nikamwonyesha Kabeya barua zote mbili. Akazisoma, akakuna kidevu. Akasema sauti ya baba na ya mwana haziko mbali, maneno ninayajua yote, mashine inarekodi vizuri, basi niseme mimi. Nani atajua? Alisema kwa huruma, nami nilimkasirikia, na nikabeba wazo lake mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya asubuhi. Watoto walikuwa mpirani, mama Ilunga bombani. Nikaketi mbele ya mashine, nikabonyeza chekundu. Nilikohoa kama unavyokohoa. Nilitafuta pengo lako la meno kwa ulimi wangu, na maneno yakaanza kutoka mazito, yanaburuta mwisho kama yako. Mi, mbele sijaenda, nasema hivi. Nilisema yote, nyumba, mihogo, michikichi ya mtoni, kaburi. Nikaupiga nisikie. Ulikuwa wewe. Kasongo mwenyewe angeinama.

Mama Ilunga alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, sijui tangu lini. Alisikiliza mpaka mwisho, maji yanamdondokea shingoni. Akatua ndoo.

“Ule si muzee,” akasema. “Muzee hakukuwa anaogopa.”

Nikaupiga tena. Alisema kweli. Uoga ulikuwa ndani ya kila neno.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilirekodi juu ya upande wako ule ule. Kaseti nyingine sina. Mnong'ono uliokuwa umebaki, ule wa nyuma ya mvua, nimeumaliza mimi kwa kidole changu. Springi haikuhusika na huo. Nimeandika yote haya juu ya wenye duka na wenye kiwanda, na kila neno nililowasema naling'ang'ania, lakini hili la mwisho ni langu na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Nakukasirikia na wewe pia, tata, kwa kuwa ni lazima niseme. Uliogopa kelele za ndugu yako ukaniambia niamini chuma. Ungewaita wale wazee wawili, hata wenye upande wao, na mama akaketi pale akasikia mwenyewe, leo Kasongo angekuwa na kazi ya kubishana na watu. Ile mashine uliyosema haina jamaa, imesema maneno yako ulipotaka, ikanyamaza ilipotaka, ikasema yangu nilipoilazimisha. Haikumjua yeyote kati yetu. Tulikosea wawili, mimi kwa kutoifungua dukani, wewe kwa kufunga mlango. Mama hakukosea lolote, na yeye ndiye anayesubiri.

Basi sitapeleka kaseti. Nimemwomba chef ruhusa, amekataa. Anasema nikiondoka sasa, kwenye mabamba nisirudi. Nimemwambia sawa. Nitafika, nitaketi mbele ya Kasongo na jamaa wote, mama kando yangu, nitawaambia sauti haipo na kwa nini haipo. Nitawaambia hata ile Jumamosi. Kisha nitasema maneno yako kwa sauti hii yangu inayotetemeka, bila kukohoa kama wewe. Wakisema mwana anasema kwa ajili ya mama yake, nitawajibu ndiyo, kwa ajili ya mama yangu. Nitakaa nyumbani mule mpaka mvua ziishe, na mke wangu na watoto wananifuata nyuma, mihogo ipo ya kuwalisha. Atakayetaka kumtoa mama atatukuta wengi mlangoni.

Treni ya Tenke ni Jumatatu tarehe 6 mwezi wa tisa. Injini isipolala Kamina, Ijumaa tarehe 10, kabla ya saa sita mchana, nitakuwa kwenye kaburi lako, na jua likiwa bado juu nitakuwa kwa mama.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza